Mkono wa Mungu na Mkono wa Mtu

Maneno ya katekista kwa waamini, siku ya pili ya Yubilei



Sisi makatekista tumepewa saa hii tuseme juu ya mateso. Wako waliocheka waliposikia, wakauliza kama siku ya ngoma na pilau ndiyo siku ya kusema habari za makaburi. Lakini twaona kazi hii imetupata kwa haki. Padre huja kigangoni mara moja kwa mwezi, na masika yakikata njia hata miezi miwili hupita; mauti hayangoji zamu ya Padre. Anayegongewa mlango usiku ni katekista. Yeye ndiye asimamaye penye kaburi, udongo ungali mbichi, na watu wote wamemkazia macho, wakingoja awaambie kwa nini.

Tena, kusema kweli, hawamngoji sana, maana wamekwisha kuwa na majibu yao mawili, nasi tumeyasikia tangu tukiwa watoto wa kubebwa mgongoni. La kwanza husemwa kwa sauti kubwa, mbele ya watu: "Ni amri ya Mungu." La pili husemwa kwa kunong'ona, nyuma ya jiko: "Hapa pana mkono wa mtu." Jibu la kwanza lamfunga Mungu kesi, la pili lamfunga kesi bibi kizee wa jirani. Na mwisho wa jibu la pili twaujua. Katika nchi yetu wameuawa wanawake wazee kwa mapanga, wengine kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko walilopikia wana wao miaka yote. Jibu hilo Kanisa limelikataza, na serikali imelikataza, wala hatutalirudia. Jibu la kwanza ndilo tunalotaka kulipima leo, kwa sababu limevaa nguo za kanisani, nasi wenyewe twaalikwa kulisema.

Tupeni ruhusa tuanze mbali kidogo, huko Bagamoyo. Jimbo letu, kama majimbo mengi ya nchi hii, ni mjukuu wa Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaweka misheni pale mwaka 1868, na mwaka 2018 Kanisa la Tanzania lilifanya yubilei ya miaka 150 tangu siku zile. Wakristo wa kwanza wa misheni ile hawakuwa watu waliokuja kwa miguu yao kuuliza njia ya wokovu. Walio wengi walikuwa watoto waliokombolewa kwa fedha katika soko la watumwa la Unguja. Walikuwa wametembezwa kutoka bara, njia ya miezi, hata pwani. Wengine hawakujua tena jina la kijiji cha mama zao.

Basi hapa ndipo penye fundo. Ukisimama mbele ya kanisa kuukuu la Bagamoyo utamsikia mtu mwema, Mkristo wa kweli, akisema: "Tazama maajabu ya Mungu! Kama si utumwa, watoto wale wasingaliijua Injili, wala sisi tusingalibatizwa. Kumbe utumwa ulikuwa mpango wa Mungu." Tumelisikia neno hili katika mafundisho, na katika hotuba za siku kama hii. Sisi twasema kwa heshima, lakini twasema wazi: si kweli. Na kama lingekuwa kweli, tusingalijua namna ya kumwita Mungu huyo Baba.

Tazameni ni mikono mingapi ilimshika mtoto mmoja kabla hajafika sokoni. Palikuwa na mkono wa jirani aliyemteka vitani, au wa ndugu aliyemtoa rehani kwa deni la nafaka mwaka wa njaa. Palikuwa na mkono wa mfanya biashara aliyemtia kamba. Palikuwa na mkono wa mwenye jahazi, na wa mtoza ushuru aliyepokea fedha kwa kila kichwa, na wa mwenye shamba aliyetaka mtu wa kuchuma karafuu. Ng'ambo, katika Ulaya na Marekani, palikuwa na mabibi na mabwana waliopenda vinanda vyenye vibao vya pembe za ndovu, na pembe hizo zilishuka pwani kwa njia zile zile walizoshukia watu. Wao hawakuona mnyororo hata mmoja. Huenda walikuwa watu wapole. Lakini fedha yao ilitembea hadi Ujiji, ikarudi na machozi. Hao wote walikuwa na hiari. Kila mmoja angeweza kusema "hapana" mahali pake, na wako waliosema. Basi aliye na haja ya kutafuta mkono wa mtu, hapa ameupata, wala hana haja ya kwenda kwa mganga.

Mtatuuliza: Je, Mungu hakujua? Alijua. Na mtu akiisha kujua kabla, si ndiye aliyepanga? Hapa wanafunzi wetu wa ukatekumeni hukwama kila mwaka, nasi huwaambia habari ya mgema. Mgema yuko juu ya mnazi. Huku chini, njia inakata kona. Upande mmoja anamwona mchuuzi anakuja na kapu lake, hana habari. Upande wa pili anamwona mwizi amejibanza kichakani. Mgema anajua litakalotokea kabla ya mchuuzi kujua. Lakini macho ya mgema hayakumsukuma mwizi. Mwizi ataiba kwa sababu ametaka, na mgema ataona kwa sababu yuko juu. Mungu yuko juu ya nyakati zote kama mgema alivyo juu ya kona ile. Kuona kwake si kulazimisha.

Mwaka mmoja mwanafunzi mmoja, mtoto wa kike, alituambia: "Mwalimu, mgema angepiga kelele." Neno hilo ni zuri kuliko mfano wetu, tukalipokea. Ndiyo, angepiga kelele. Na Mungu amepiga kelele. Ameweka dhamiri ndani ya kila mtu, ametoa amri, ametuma manabii, akamtuma hata Mwanawe. Lisilofanyika ni kumfunga mwizi mikono. Na kwa nini asimfunge? Kwa sababu mkono uliofungwa hauibi, ni kweli, lakini tena haupokei mtoto anayezaliwa, haumlimii mjane shamba, haumwashii mgonjwa taa. Mungu alitaka wana, na mwana ni yule anayeweza kukaa nyumbani kwa kupenda, na kwa hiyo anaweza pia kutoka. Angalitaka vyombo tu, angalikwisha kuviumba, navyo visingalivunja amri hata moja.

Mtakatifu Augustino alilifikiri jambo hili maisha yake yote. Naye alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste mwaka 354, katika nchi iitwayo leo Algeria. Aliandika kitabu kizima juu ya hiari ya mtu, na alipokufa mwaka 430, akiwa askofu wa Hippo, mji wake ulikuwa umezungukwa na jeshi la Wavandali. Hakuwa mtu wa kusema mateso kwa kuyasikia tu. Alifundisha kwamba ubaya si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu wa jema pale lilipopasa kuwapo. Kwa lugha yetu twaweza kusema: tundu la nguo si uzi. Hakuna fundi aliyelifuma. Mungu amefuma nguo, na tundu limekuja kwa kuchanika. Wanaseminari hulipenda fundisho hili, nasi twalipenda. Lakini hatujapata kumwona mama mfiwa aliyeuliza habari za uzi.

Sasa twende kwenye jambo gumu zaidi. Utumwa una wenyewe, je, kimbunga? Tarehe 15 Aprili 1872, misheni ya Bagamoyo ikiwa na umri wa miaka kama minne, kimbunga kilipiga Unguja na pwani. Merikebu za Sultani zilizama bandarini, mikarafuu ya Unguja iling'olewa kama mihogo, na majengo ya misheni, yaliyojengwa kwa taabu na kwa ajili ya watoto wale wale waliokombolewa, yakaanguka. Kabla yake, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kilikuwa kimepita Unguja na pwani, kikazika watu bila hesabu. Mtoto aliyenusurika na kamba ya mfanya biashara aliweza kufa kwa maji ya kisima cha misheni, au kwa boriti ya paa la misheni. Hapo nani alishika upanga?

Kisiwa cha Pemba kilipona. Karafuu zake zilisimama wakati za Unguja zimelala. Je, Wapemba walikuwa watakatifu kuliko Waunguja? Swali hili Bwana wetu aliulizwa kwa namna yake. Mwenyewe aliwatajia watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, naye akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Aliulizwa tena juu ya kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Akasema si yeye wala wazazi wake. Basi mtu asituambie kwamba nyumba iliyochukuliwa na mafuriko ilikuwa na dhambi ya siri. Bwana amekwisha kulifunga shauri hilo.

Juu ya upepo wenyewe twaweza kusema kidogo. Upepo unaong'oa mti ni wa ukoo mmoja na upepo uletao mvua ya masika, nao usipovuma hatuli. Moto uunguzao ndio upikao uji. Kama moto ungekataa kuunguza kila mkosaji anapouwasha, na jiwe likawa pamba kila linaporushwa, tungekaa katika nchi ya ndoto, ambamo mtu hawezi kumdhuru mwenzake wala kumfaa. Dunia iliyo imara ndiyo shamba la hiari. Hayo twayaamini. Lakini twajua pia kwamba hayatoshi, wala hatutaki kujifanya kana kwamba yanatosha.

Hata hivyo angalieni jambo moja, maana watu hulipita haraka. Baada ya kimbunga, karafuu ziliadimika na bei ikapanda. Wenye mashamba, hasa wa Pemba, wakataka kupanda zaidi, na kwa kupanda walitaka watumwa zaidi. Upepo ulivuma siku moja. Tamaa ikavuma miaka. Ndivyo ilivyo mara nyingi: msiba unaanza bila mkono wa mtu, kisha mkono wa mtu unaingia ndani yake na kuukuza.

Na hapa ndipo jibu la "amri ya Mungu" linapofanya madhara yake. Watu wa mwaka 1870 hawakujua kipindupindu kinatoka wapi. Hata Ulaya waganga walikuwa wakibishana, mpaka Robert Koch alipokionyesha kijidudu chake mwaka 1884. Wafu wale hatuwadai neno. Lakini sisi twajua. Twajua ni choo na maji, twajua maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vema humrudisha mgonjwa kutoka mlangoni mwa kaburi, twajua sindano ya surua na chandarua. Basi mtoto akifa kwa kuhara masika haya, nasi tukasimama kaburini tukasema "Mungu amempenda zaidi," tumefanya nini? Tumekifunika kisima kibovu kwa jina la Mungu. Watu watarudi nyumbani wametulia, na kesho watateka maji pale pale. Jibu la nyuma ya jiko humwua bibi kizee. Jibu la mbele ya watu humwua mtoto wa pili.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikafa mamia ya watu. Nchi nzima ililia, na katika makanisa mengi ilisemwa kwamba ni mapenzi ya Mungu. Lakini meli ile ilikuwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi chake. Mungu ndiye aliyeweka sheria ya maji, kwamba chombo kilichozidiwa kitalala. Hakuandika cheti cha kukijaza.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi katekista aende matangani na kidole, amwambie mama, "Ni wewe, hukuchemsha maji." Huo ungekuwa ukatili, tena mara nyingi ungekuwa uongo. Mikono ni mingi, kama ilivyokuwa ile ya mtoto wa Bagamoyo. Kuna nauli ya kwenda zahanati iliyokosekana, kuna baba aliyeinywa, kuna fedha ya kisima iliyochangwa ikalala mfukoni mwa mtu, kuna sisi tuliopita kando ya kisima kile tukienda kufundisha katekisimu. Hayo husemwa siku ya tatu au ya saba, katika jumuiya, watu wakiwa wameketi, na husemwa ili jembe lishikwe.

Siku ya kwanza, je? Na yule mtoto ambaye alipata sindano zote, akanywa maji safi, akalala katika chandarua, na bado akafa? Wako, tumewazika. Mama mmoja wa kigango chetu alimzika wa namna hiyo, akatuuliza mbele ya watu wote: "Mwalimu, Mungu alikuwa na kazi gani na mwanangu, asiyoweza kuingoja?" Hatukumjibu. Wengine waliona aibu kwa ajili yetu. Lakini tulikumbuka rafiki zake Ayubu. Walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizofanya vema. Walipofumbua midomo na kuanza kumtetea Mungu, Mungu mwenyewe aliwakasirikia, akamsifu Ayubu aliyekuwa akilalamika. Twaona ni maandiko ya kutisha kwa mtu yeyote aliyepewa kazi ya kufundisha dini. Tulikaa na mama yule. Kina mama wa kigango wakamtekea maji na kumpikia siku tisa. Swali lake bado analo, na bado anakuja Misa, wala hatumwambii kwamba ni lazima aliache moja ili ashike lingine.

Maana Bwana wetu hakutuachia maelezo, ametuachia Msalaba. Bustanini aliomba kikombe kile kimpite, jasho likimtoka. Basi si dhambi kuomba kiondoke. Kaburini kwa Lazaro alilia, ingawa alijua atafanya nini baada ya kitambo kidogo. Basi tumaini halifuti machozi. Na Ijumaa Kuu mikono yote ilikuwapo. Yuda alipokea fedha kwa mkono wake, kama mfanya biashara wa Bagamoyo. Askari walipiga misumari. Pilato aliomba maji akanawa, na tangu siku ile wanaosema "si mimi, ni amri" wamekuwa wakinawa katika beseni lake. Hakuna hata mmoja aliyelazimishwa na Mungu. Na mkono wa Mungu ulikuwa wapi? Ulikuwa juu ya mti, umepigiliwa. Hakukaa upande wa wapigao, akiendesha mpango wake kupitia kwao. Alikaa upande wa apigwaye.

Kutoka pale alitoa uzima. Ndivyo alivyofanya na Yosefu: kaka zake walimwuza kwa wivu, na wivu wao ulibaki kuwa wivu, Mungu alichukua maisha waliyoyavunja, akapata kwayo mkate wa kuwalisha watu wengi, hata kaka zake wenyewe. Yosefu alipowasamehe hakuwaambia kwamba walitenda vema. Alijua kutenga lao na la Mungu.

Nasi katika Yubilei hii tunaomba tuweze kutenga hivyo. Sokoni pale Unguja, mwaka 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano, soko likafungwa. Na Krismasi ya mwaka ule ule ndugu zetu Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali pale pale. Kufunga soko kulikuwa kazi ya hiari, kama kulifungua kulivyokuwa. Na hiari ni nzito kugeuka, maana utumwa wenyewe ulingoja hadi 1897 kupigwa marufuku Unguja, na hadi 1922 Tanganyika. Twaweza kumshukuru Mungu kwa jiwe lile bila kumshukuru kwa soko. Wako wanaosema Mapadre wa Bagamoyo, kwa kuwanunua watoto, waliwapa wafanya biashara faida. Neno hilo si la kudharauliwa, nao wenyewe walikuwa watu waliofanya lililo karibu ya mkono. Lakini mtoto aliyekombolewa hakuwa na wakati wa kungoja wenye hekima wamalize kushauriana.

Kesho asubuhi, kabla ya Misa kuu, tutakwenda makaburini kama ilivyoandikwa katika ratiba. Tumewaomba wazee wa kila kigango walete majina ya marehemu wao, na pamoja na majina walete habari ya visima: kipi kizima, kipi kibovu, nani ana fedha yake. Karatasi mbili hizo zitawekwa pamoja katika sadaka.

Saa yetu imekwisha, na jua limefika kizingitini. Kuna nafasi ya maswali. Twaomba waanze kina mama, maana wao ndio walioketi sana mikekani penye misiba, na yako mambo waliyoulizwa huko ambayo sisi wenye vitabu bado hatujaulizwa.